Udadisi Umezima: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu kwa Mwandika Programu

Malalamiko haya nayapokea karibu kila wiki, na maneno yake hayabadiliki sana. "Kaka, zamani nilikuwa nakesha na programu hadi adhana ya alfajiri, sasa nafungua laptopu naikodolea macho tu." Mwingine anaongoza timu na anawalalamikia wenzake: vijana hawaulizi, wanapokea tiketi, yaani kazi iliyoandikwa ya kufanywa, wanafunga tiketi, jioni wanakwenda zao. Wa tatu anasema tangu akili mnemba ianze kuandika msimbo, haoni sababu ya kujua kitu kwa undani.

Nimeandika programu Dar es Salaam kwa miaka 15, na 7 ya mwisho nimekuwa naongoza timu. Niseme msimamo wangu mapema: sikubali kwamba waandika programu wamepoteza udadisi kama kundi. Ninaowaona ni watu ambao udadisi wao umeziba mahali fulani, na kila mahali pana dalili yake. Tunakosea tunapozitibu dalili zote kwa dawa moja, yaani hama kampuni, jifunze lugha mpya, jiandikishe kwenye shindano. Mtu anahama kampuni tatu na tatizo linamfuata, kwa kuwa hakuwahi kulitafuta lilipokaa.

Kwa hiyo tufanye kama mfumo umegoma. Dalili kwanza, kisha chanzo kinachotokea sana, mambo mepesi kabla ya kufungua mashine.

## Kabla ya kugusa chochote

Fundi umeme mwenye akili huanza kwa kuuliza kama LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha. Kwako wewe LUKU ni usingizi, mwili na pesa.

Andika kwa siku 7 saa uliyolala na saa uliyoamka. Usikisie, andika. Wengi walionifuata wakidai wamechoka na programu walikuwa wanapata usingizi wa saa tano tu kila usiku, miezi mfululizo.

Kama uchovu umepita wiki mbili, nenda kapime: malaria, wingi wa damu, sukari. Mimi niliwahi kukaa mwezi mzima nikiamini kazi imenishinda, nikaanza hata kutafuta nyingine, kumbe damu ilikuwa imeshuka.

Kuhusu pesa, mshahara ukiwa umechelewa miezi miwili na mwenye nyumba anapiga simu, huwezi kuvutiwa na namna hifadhidata inavyopanga faharasa zake. Hapo usijilaumu. Kwa Tanzania, madai ya mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kanuni zinataka yafike ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee. Shughulikia hilo, kisha urudi hapa.

## Dalili: "Nasoma tiketi mara tatu na bado sijui inataka nini"

Hii ndiyo inayoletwa zaidi, na mwenye nayo hujiita mvivu.

Chanzo chake cha kawaida ni uchovu wa kazi uliolimbikizana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, ICD-11, kama hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haukudhibitiwa, na likautambua kwa alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona unachofanya hakina tija. Itazame alama ya pili. Moyo kujitenga na kazi ndicho kitu hichohicho tunachokiita kupoteza udadisi. Ukiwa nayo pamoja na ile ya kwanza, usianze mradi wa kujisisimua; utakuwa unamwongezea mzigo punda aliyekwisha kulala chini.

Angalia kwanza. Chukua siku 4 mfululizo bila simu ya kazi, na simu izimwe kweli. Ukijikuta siku ya tatu unafungua redio mbovu ya baba mkwe kwa kutaka tu kujua, au unauliza shangazi kwa nini mchuzi wake hauchachi, udadisi ni mzima na kilichokuzima ni uchovu. Ukifika siku ya nne na bado unataka kulala tu, unahitaji likizo ndefu zaidi na mazungumzo na mkubwa wako.

Chanzo cha pili, hasa kwa wanaoshughulika na mifumo ya malipo, ni simu za usiku. Mfumo ukianguka saa nane usiku anapigiwa yuleyule kila mara kwa kuwa ndiye anayeujua. Tiba ya juu ni ratiba ya zamu, mtu asishike wiki mbili mfululizo, na aliyeamshwa apewe asubuhi yake. Tiba ya ndani ni kuhesabu arifa. Chukua mwezi uliopita, orodhesha kila arifa iliyomwamsha mtu, na pembeni andika alichofanya baada ya kuamka. Tulipofanya hivyo tulikuta arifa moja ya diski ikitushtua kila Jumapili usiku, na pembeni tukaandika "hakuna" mara zote nne. Nakala rudufu ilikuwa inajaza diski, kisha faili la muda linafutika lenyewe baada ya dakika 20. Miaka miwili tuliamka kwa ajili ya kitu kinachojimaliza chenyewe, na hakuna aliyeuliza, maana kila aliyeamshwa alitaka kitu kimoja tu, arudi kulala. Arifa hiyo ilipoondoka maswali yalianza kurudi kwenye vikao vyetu, na wala sikuwa nimemhimiza mtu.

Chanzo cha tatu ni kazi yenyewe kuwa ileile: fomu, jedwali, ripoti, fomu. Inachosha kweli. Nimeiweka ya tatu kwa sababu watu huikimbilia kwanza na wanajiuzulu kabla hawajalala.

Simama hapa. Kama pamoja na uchovu umepoteza hamu ya chakula, ya watu, ya mpira, ya kila ulichokipenda, kwa zaidi ya wiki mbili. Kama unashtuka usingizini saa tisa usiku na huwezi kulala tena. Kama unawaza kwamba heri usingekuwepo, funga mwongozo huu. Mwambie mtu wako wa karibu leo hii na nenda hospitali. Huenda ni sonona. Ina matibabu, na mwandika programu mwenzako hawezi kukutibu.

## Dalili: "Kazi inaisha, lakini sijui imefanyaje kazi"

Hapa ndipo akili mnemba inapotajwa. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 nasikia imeua udadisi wa fani nzima. Mimi naitumia kila siku, na nadhani tatizo liko kwenye mpangilio wa hatua: tunauliza kabla ya kukisia. Ile nafasi kati ya swali na jibu ndiyo mtu anapojaribu, anakosea, anakuna kichwa, anagundua kwamba hata swali lake lilikuwa na kasoro. Tulinakili majibu kutoka Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, tangu 2008, ni kweli, ila kule ulikuta majibu matano yanayobishana na ikakubidi uchague. Sasa linakuja moja, limepigwa pasi.

Mwaka 2025 taasisi ya METR iliwachukua waandika programu wazoefu 16 wa miradi huria, ikawapa kazi halisi 246 kwenye miradi wanayoijua vizuri. Kazi nyingine waliruhusiwa kutumia akili mnemba, nyingine hapana. Walipoitumia walichelewa kwa asilimia 19, na hata baada ya kumaliza waliendelea kuamini iliwaharakisha kwa asilimia 20. Ni watu wachache, na vyombo vinabadilika haraka, kwa hiyo siitumii kusema vyombo hivi havifai. Kilichonigusa ni kwamba fundi mzoefu, kwenye kazi yake mwenyewe, hakujua mkono wake unakwenda kwa kasi gani.

Angalia kwanza. Weka karatasi karibu na kibodi. Kabla hujauliza chombo chochote, andika sentensi moja: "Nadhani tatizo ni hili, kwa sababu hii." Kisha uliza, ulinganishe. Fanya hivyo wiki mbili. Ukikuta unakisia vizuri, utaanza kuuliza maswali magumu zaidi. Ukikuta hukisii kabisa, mkono hauandiki kitu, umeshajua pa kuanzia.

Tiba ya ndani. Kila mwezi chagua kitu kimoja, kidogo, uende nacho hadi chini kabisa. Nitaeleza kimoja tulichokifuata sisi, maana bila mfano ushauri huu haumsaidii mtu.

Kijana mmoja kwenye timu alipewa tiketi: fomu ya usajili inawakataa wateja wenye majina yanayoanza na Ng', na tuna wateja wengi kutoka Usukumani. Aliuliza chombo, akapewa mstari mmoja wa kuruhusu ritifaa, ile alama inayofuata Ng, akaubandika. Dakika 10, tiketi imefungwa. Wiki iliyofuata mteja mmoja akaonekana mara mbili kwenye hifadhidata, jina lilelile, namba ya simu ileile. Nikamwomba asirekebishe chochote kwanza, tukae tuzitazame herufi zenyewe.

Tukayafungua majina mawili baiti kwa baiti, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhia herufi. Kwenye la kwanza ritifaa ilikuwa baiti moja, 27 kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16. Kwenye la pili zilikuwa baiti tatu: E2 80 99. La kwanza liliandikwa na karani kwenye kompyuta. La pili mteja aliliandika mwenyewe kwenye simu, na simu nyingine ukiandika ritifaa iliyonyooka huigeuza ikawa iliyopinda. Kwa macho ni jina moja. Kwa mfumo ni watu wawili.

Kijana aliisogelea skrini akawa anahesabu baiti kwa kidole. "Kwa hiyo kaka, kila Ng' iliyoandikwa kwa simu humu ndani..." Hakumaliza, alishaanza kuandika ombi la kuzitafuta zote. Kesho yake alikuja na orodha ya waliorudiwa, na swali ambalo sikuwa na jibu lake: kuna makarani hawaweki ritifaa kabisa, je, Ngwandu na Ng'wandu tuwahesabu mtu mmoja? Tulibishana hadi chakula cha mchana. Alama moja ya uandishi ilimpitisha kwenye usimbaji wa herufi, kibodi za simu, na namna Kisukuma kinavyoandikwa kwa herufi za Kiswahili. Hakuna aliyemwambia awe mdadisi. Alipewa siku moja ambayo tiketi haikuwa na haraka.

Na msidhani mambo haya ni ya mazoezi tu. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anafanya vipimo vya kasi kwenye mashine yenye mfumo wa Debian akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungenyanyua mabega. Yeye alifuatilia, akafika kwenye xz, maktaba (yaani msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, akakuta mtu amepandikiza mlango wa siri ambao ungeweza kufungua seva kote duniani. Akatangaza tarehe 29 Machi, kabla matoleo hayo hayajaenea kwenye mifumo mingi. Nikiulizwa udadisi una faida gani kazini, ninataja nusu sekunde ile.

Chanzo cha pili cha dalili hii ni kujenga juu ya maktaba za wengine bila kuzifungua. Mwaka 2016 maktaba ya mistari 11 tu, left-pad, iliondolewa na mwenyewe na ujenzi wa programu nyingi ukavunjika kwa saa kadhaa. Chagua moja unayoitegemea kila siku, usome faili lake moja. Mara nyingi ni fupi kuliko ulivyoogopa.

Simama hapa. Udadisi usifanyiwe kwenye mfumo hai wenye pesa za watu. Tengeneza nakala, weka data za kubuni, cheza humo. Na usibandike majina, namba za simu wala taarifa za wagonjwa kwenye chombo cha akili mnemba cha nje ili "kuona kitasema nini". Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Usipojua mpaka uko wapi, muulize mwanasheria wa kampuni kabla, maana ukishabandika hukivuti tena.

## Dalili: "Sina wazo lolote la kutengeneza"

Chanzo cha kwanza, kwa mbali sana: hujakaa na mtu anayetumia kazi yako.

Tulikuwa na mfumo wa mauzo kwenye duka la dawa lililoko pembezoni mwa jiji. Kwa wiki tatu tulihangaika na mauzo yanayoingia mara mbili. Tulisoma logi, zile kumbukumbu za mfumo, tukashuku mtandao, tukashuku seva. Mwishowe nilipanda daladala na mwenzangu tukaenda kukaa nyuma ya kaunta. Dada muuzaji alikuwa na daftari la kaunta pembeni ya kompyuta. Mteja anakuja, anaandika kwenye daftari kwanza, kisha anaingiza kwenye mfumo, anabonyeza "Hifadhi", skrini haisemi kitu, anaangalia foleni, anabonyeza tena.

Nikamuuliza, "Dada, mbona unabonyeza mara mbili?"

"Ya kwanza huwa haisikii."

Ilikuwa inasikia vizuri sana. Sisi ndio hatukuwahi kumwonyesha kwamba imesikia. Kurekebisha kulichukua siku moja: kitufe kizime kikishabonyezwa, na kila mauzo yabebe namba yake ya kipekee ili seva ikiipokea mara ya pili iikatae. Lakini lile daftari ndilo lililotukaa kichwani. Kwenye daladala ya kurudi mwenzangu, ambaye miezi sita alikuwa akiniambia hana wazo lolote, alijaza kurasa nne: kwa nini anaandika dawa kwa kifupi chake, kwa nini anahesabu vidonge na si maboksi, vipi kama mfumo ungefuata mpangilio wa daftari lake badala ya yeye kufuata wetu. Toleo lililotoka humo ndilo analolitumia hadi leo.

Angalia kwanza. Mara ya mwisho ulimwona mtumiaji akitumia kitu chako kwa macho yako lini? Kama imepita miezi mitatu, acha kutafuta mawazo mtandaoni na uende ukakae naye saa mbili. Usimfundishe, mtazame.

Chanzo cha pili ni kulibebesha wazo mzigo kabla halijatambaa. Limekuwa lazima liwe kampuni, lipate mwekezaji, lishinde shindano. Tazama vitu ambavyo kazi yetu imesimama juu yake vilivyoanza. Ken Thompson mwaka 1969 alikuwa na PDP-7, mashine ndogo isiyogombewa na mtu, aliyokuwa akiitumia kwa mchezo wake wa safari za angani. Humo ndimo Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, ilimoanzia. Guido van Rossum alianza lugha ya programu ya Python likizo ya Krismasi ya 1989 mjini Amsterdam kwa kutafuta cha kufanya ofisi ikiwa imefungwa. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 Helsinki, alipotangaza mfumo wake, Linux, tarehe 25 Agosti 1991 aliwaambia watu ni burudani tu na hautakuwa kitu kikubwa. Hapa kwetu, Januari 2008, Ory Okolloh aliomba apatikane mtu wa kuweka matukio ya vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya kwenye ramani, na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakawa miongoni mwa walioungana naye. Ushahidi, jukwaa la ramani hiyo, ikasimama ndani ya siku chache. Hakuna aliyeanza na mpango wa biashara. Watatu wa kwanza walikuwa na muda ambao haukudaiwa na mtu, na wa Kenya walikuwa na jambo linalowachoma.

Andika mambo matatu yaliyokukera wiki hii. Chagua dogo kuliko yote. Lipe Jumamosi moja tu na mtumiaji mmoja tu. Hesabu za kikoba cha mama yako zinatosha kabisa, na ukizifungua utakuta faini, mikopo ndani ya mikopo, na mwanachama aliyelipiwa na dada yake. Ni ngumu kuliko programu nyingi unazolipwa kuziandika.

Simama hapa. Mikataba mingine ya ajira inasema kila unachoandika ni mali ya mwajiri, hata cha Jumamosi. Kabla ya kuuza au kutangaza, usome wako, na kipengele kikikutatiza mpelekee wakili.

## Dalili: "Zamani nilikuwa nauliza, sasa nakaa kimya"

Chanzo chake cha kawaida ni mtu kama mimi.

Miaka iliyopita, kwenye kikao cha asubuhi, dada mmoja mgeni kwenye timu aliuliza kwa nini ripoti ya mauzo ya siku haikubaliani na risiti. Nilikuwa na haraka, nikamjibu mbele ya wote, "Hilo si tulishaliongea?" Wenzake wakacheka kidogo. Hakuuliza tena kwa miezi miwili. Baadaye mkaguzi wa mteja alikuta mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yamewekwa kwenye siku iliyotangulia. Seva ilihesabu siku kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwake siku mpya ilianza saa tisa usiku. Alikuwa ameshika uzi wenyewe, nikamnyang'anya.

Nilimwomba radhi kwenye kikao kilekile, mbele ya watu walewale. Naamini ndivyo inavyopasa: uliyemvunja hadharani usimtengeneze chumbani. Tangu hapo swali likiletwa na sina muda, nasema "liandike, Ijumaa tunalirudia", na Ijumaa tunalirudia kweli.

Chanzo cha pili ni kupimwa kwa idadi ya tiketi. Anayefunga 12 anasifiwa, aliyefunga 3 na kugundua kwamba ripoti zote zinadanganya anaulizwa amefanya nini wiki nzima. Kama unaongoza, tenga saa mbili za wiki zisizo na tiketi, uzilinde hata mteja akipiga kelele. Kama huongozi, andika ulichogundua kwa mistari mitatu na ukitume pamoja na kazi yako, ili kionekane.

Simama hapa. Kukatwa neno kikaoni kunarekebishika. Matusi, vitisho na kudhalilishwa kila siku havihitaji ushujaa wako. Weka kumbukumbu za tarehe na maneno, peleka rasilimali watu, na wasipokusikia panga kuondoka.

## Dalili: "Kila mwezi kuna kitu kipya, nimechoka kukimbiza"

Hii ni nyepesi. Unachokifukuza ni hofu ya kuachwa, na hofu haimfundishi mtu. Chagua kimoja kwa nusu mwaka, vingine viandike kwenye orodha na tarehe. Miezi sita ikipita, fungua orodha: vingi havitajwi tena na mtu. Ukivitaka vya kudumu, soma namna mtandao unavyopitisha pakiti, namna hifadhidata inavyofunga safu watu wawili wanapoigusa kwa pamoja. Vina miongo, na bado vinafanya kazi chini ya kila kilichotangazwa jana.

## Dalili: "Vijana wa siku hizi hawana moto"

Hii huletwa na wakubwa, nami nilikuwa naisema. Nilijifunzia intaneti kafe, kwa saa ya kulipia. Programu niliiandika kwanza kwenye daftari nyumbani, nikaenda kuichapa, ikikataa narudi na ujumbe wa kosa nimeunakili kwa peni. Ninaikumbuka hali ile kwa mapenzi, na ninajua pia wenzangu wanne tulioanza pamoja waliacha kwa kukosa nauli na pesa ya kafe. Huwa tunawalinganisha vijana wote na sisi tuliobaki.

Angalia kwanza. Kijana wako ana kompyuta nyumbani? Bando analinunua nani? Kuna wanaokaa ofisini hadi saa tatu usiku kwa ajili ya intaneti, na wanaowahi kuondoka kwa sababu daladala ya mwisho ya kwao haisubiri.

Kisha zisome tiketi unazompa. "Ongeza safu ya wilaya kwenye jedwali." Nani aliiomba, ataitumia kwa nini, nini kitaharibika ikikosekana? Ukimpa kazi iliyokatwa sababu, atakuletea kazi iliyokatwa maswali. Mpe tatizo zima, hata dogo, mpeleke aone linapomuuma mtu. Mpe na ruhusa ya kukosea kwenye nakala. Nimefanya hivi na vijana niliodhani hawana moto, na kwa wengi wao ilitosha.

## Dalili: udadisi upo, ila si kwa programu

Mwenzangu mmoja alipitia yote hapo juu. Alilala, alipima, alikaa na watumiaji, aliandika makisio kwenye karatasi. Hakuna kilichowaka. Siku moja alinieleza kwa dakika 40, bila kupumua, kwa nini nyuki huhama mzinga: joto, nafasi, malkia, msimu wa maua. Alikuwa amewatundikia mizinga 6 kwenye shamba la babu yake Handeni na alikuwa anapima kila mmoja uzito mara mbili kwa mwezi.

Hakuwa na hitilafu yoyote. Tulikaa tukapanga akabaki kazini siku tatu za wiki, mshahara ukapungua akakubali. Kama nawe umefika hapa, usijiuzulu mwezi huu. Hesabu akiba ya miezi sita, zungumza na wa nyumbani, jaribu kupunguza siku kabla ya kukata kamba. Yeye bado anatuandikia programu, vizuri tu. Mwezi uliopita aliniomba nimsaidie mizani yenye kihisi iwekwe chini ya mzinga ili itume uzito kwa SMS, na tangu hapo anauliza maswali ya umeme mdogo ambayo hakuna mtu kwenye timu anayeyaweza.